Panya wenye kadi ya uzazi

Mkulima wa Kawajense, hapa Katavi, hahitaji mtu wa kumweleza panya ni nani. Humkuta shambani akifukua mbegu iliyopandwa jana, humkuta tena stoo akitoboa magunia, na dawa yake anaijua: sumu ya dukani iliyopakwa kwenye dagaa. Kwa makadirio ambayo watafiti wetu wamekuwa wakiyataja kwa miaka mingi, panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka. Mwambie mkulima huyo kwamba kuna watu wanaolipwa mshahara kuwalisha panya, kuwatandikia maranda na kuandika tarehe za majike kujifungua, ataona unamtania.

Kazi hiyo ipo, na ipo kwenye reli ile ile inayoanzia Mpanda. Treni ikishapita Kaliua, Tabora na Dodoma hufika Morogoro, kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ambako panya wamefanyiwa utafiti kwa miongo kadhaa. Anayeshughulikiwa zaidi huko ni panya shamba, Mastomys natalensis, huyu huyu anayetumalizia mahindi Katavi. Mimi kinachonivutia si matokeo ya utafiti tu, maana hayo husifiwa vya kutosha. Kinachonivutia ni ufugaji wenyewe, kwa kuwa majaribio mengi huharibikia bandani kabla hata mtafiti hajafungua kompyuta yake.

Yule panya mdogo wa maabara anayejulikana duniani kote, Mus musculus, hakuanzia kwa profesa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Abbie Lathrop, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alikuwa akifuga panya wa mapambo huko Granby, Massachusetts, Marekani, akiwauzia watu waliotaka kuwaweka nyumbani. Maabara zikaanza kumwagiza. Clarence Cook Little alianza mwaka 1909 kuzalisha panya wa ukoo mmoja kwa kuoza kaka kwa dada, na mwaka 1921, kutokana na jike namba 57 la Lathrop, akaanzisha ukoo wa C57BL ambao hadi leo uko katika maabara za dunia nzima. Kanuni ni kwamba ukoo huhesabiwa kuwa safi baada ya vizazi 20 mfululizo vya ndugu kwa ndugu. Mfugaji wa ng'ombe atashtuka kusikia hivyo, yeye anayesaka dume kijiji cha mbali ili kukwepa damu moja. Lakini mtafiti anataka panya wanaofanana kama mapacha, ili akimpa mmoja dawa na mwingine maji, tofauti atakayoiona itokane na dawa.

Ndani ya banda la panya hawa hakuna cha ajabu kwa macho. Ni safu za masanduku ya plastiki yenye vifuniko vya nyavu za chuma, maranda chini, karatasi laini za kujengea kiota na chupa ya maji ikining'inia. Joto hushikiliwa kati ya nyuzi 20 na 24. Taa huwaka saa 12 na kuzimwa saa 12, na mlinzi akiisahau ikawaka usiku kucha, uzazi huvurugika. Dume mmoja huwekwa na majike wawili. Jike hupata joto kila baada ya siku 4 au 5, na mimba yake ni ya siku 19 hadi 21.

Asubuhi ya kuzaliwa watoto, mtunzaji mzuri hana haraka ya kuwashika. Huwatazama. Ni wekundu, hawana unyoya hata mmoja, macho yamefumba, na ngozi yao ni nyembamba kiasi kwamba maziwa waliyonyonya huonekana tumboni kama doa jeupe. Doa likiwepo, mama ananyonyesha. Lisipokuwepo hadi jioni, kuna jambo. Siku ya 10 wameota manyoya, wiki ya pili ikiisha macho yamefunguka, siku ya 21 wanaachishwa ziwa. Hapo ndipo mvivu huumbuka, kwa sababu jike hupandwa tena ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Dume akiachwa sandukuni, uzao wa pili hufika wakati wa kwanza bado umo. Na wale wa kwanza, wasipotenganishwa madume na majike, nao watakuwa tayari kuzaana wakifikisha kama wiki 6. Ukichelewa kidogo tu, hujui tena nani mtoto wa nani.

Ndiyo maana kila sanduku lina kadi: jina la ukoo, wazazi, tarehe ya kukutanishwa, tarehe ya kuzaa, idadi ya waliozaliwa, waliokufa. Kadi ikipotea, panya waliomo hawana thamani kwa utafiti hata wakiwa wanene na wenye afya.

Halafu kuna mambo ya harufu, ambayo kwa kweli yangemfaa mtunzi wa hadithi. Majike wakiwekwa wengi pamoja bila dume, mzunguko wao husimama. Mtafiti Whitten alionyesha mwaka 1956 kwamba mkojo wa dume huuamsha tena, na wengi hupata joto usiku wa tatu. Wafugaji huweka maranda machafu ya dume kwenye sanduku la majike ili wapate joto kwa pamoja. Mwaka 1959 Hilda Bruce, akifanya kazi London, aliona kwamba jike aliyetoka kupandwa akinusa dume mgeni, mimba changa hutoka. Kwa hiyo kuhamisha masanduku ovyo ni kupoteza vizazi. Hata mkono wa mtu una uzito wake: mwaka 2010 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia huishi na hofu kuliko anayebebwa ndani ya kibomba au viganjani. Kazi hii inadai mtu mtulivu.

Katavi tuko karibu na historia hii kuliko tunavyodhani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na kusini zaidi, Katanga, ndiko watafiti Vincke na Lips walikogundua mwaka 1948 kimelea cha malaria cha panya, Plasmodium berghei, kutoka kwa panya wa vichakani. Kilihamishiwa kwa panya weupe, kikastawi, na tangu hapo dawa nyingi za malaria hupitia kwanza kwa panya wenye kimelea hicho kabla ya kumfikia binadamu. Panya wa Afrika alitoa ugonjwa, panya wa Ulaya na Marekani akatoa mwili, na sisi wenye malaria tukanufaika.

Panya shamba naye ana sifa zake. Jike ana chuchu zinazofika 24, na uzao mmoja huwa kama watoto 11 au 12. Watafiti wa tauni wa Afrika Kusini walimwingiza maabara tangu miaka ya mwisho ya 1930. Ila anayetoka porini hachanganywi na wengine siku hiyo hiyo. Hutengwa kwanza, kwa sababu anaweza kuja na viroboto wenye tauni, na tauni iliisumbua Lushoto kwa miaka mingi tangu 1980. Anaweza pia kubeba virusi: mwaka 2009 ilitangazwa kwamba panya shamba wa Morogoro wana kirusi, kikapewa jina la mji huo, ambacho ni jamaa wa kile cha Lassa cha Afrika Magharibi, ingawa hakijulikani kumletea binadamu ugonjwa. Mwaka 2018 Apia Massawe na wenzake wa SUA walichapisha majaribio ya kumpa panya huyu homoni mbili, kwinestroli na levonorgestreli, kwenye chambo ili kupunguza uzazi wake. Jaribio la namna hiyo haliwezekani kama hujui ni majike wangapi huzaa wakiachwa bila dawa, na hilo hulijui bila kadi.

Morogoro pia ndiko shirika la APOPO lilikohamia mwaka 2000 na panya buku wake. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa huko Novemba 2013, alinusa mabomu ya ardhini Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza. Watu humsifu mnusaji. Panya buku ana shida ya kuzaa kifungoni na uzao wake ni mdogo, kwa hiyo waliofanikiwa kumpata Magawa wana haki ya nusu ya nishani ile.

Hoja yangu kwa Katavi ni hii. Utafiti wa Morogoro umeonyesha kwamba panya shamba huanza kuzaa baada ya mvua kuotesha majani mabichi, na kwamba vuli ikinyesha sana uzazi huanza mapema na mlipuko hufuata. Morogoro ina vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja, kama Novemba hadi Aprili. Kalenda yao haiwezi kuchukuliwa ilivyo ikatufaa, na mkulima anayetega sumu wakati majike wameshazaa anatupa fedha yake. SUA ina kampasi katika mkoa wetu, ile ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe. Ikianzisha banda dogo la panya shamba waliokamatwa Katavi, likawa na vijana wawili watatu waaminifu wa kuandika kadi, bwana shamba wa Kawajense atakuwa na tarehe za kuwaambia wakulima. Halmashauri zetu ziiombe kampasi hiyo, na ziiombe kabla ya mvua za Novemba.