Kufyonza na Kunata: Tofauti ya Maana katika Kemia ya Nyuso

Sponji ikitiwa majini hufyonza maji: maji huingia na kuenea ndani yake. Mkaa uliotayarishwa kwa ajili ya kusafisha maji hutenda vingine. Molekuli za uchafu hushikamana na uso wake tu, wala hazipenyi ndani ya yabisi yenyewe. Matendo haya mawili mara nyingi huitwa kwa jina moja, kufyonza. Hapa tutaliita la pili unataji. Neno mnato halifai, kwa kuwa katika fizikia limekwisha kuwa jina la ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka, kama ule wa asali.

Pengine msomaji atauliza: je, uchafu hauingii katika vitundu vya mkaa? Huingia, lakini kuta za vitundu hivyo nazo ni nyuso. Gramu 1 ya mkaa huo yaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000 hivi. Gramu 7 hukaribia eneo la uwanja wa mpira. Eneo hilo hupatikana kwa kuuchoma mkaa kwa mvuke au kemikali katika joto kali. Mkaa wa jikoni haukupitia matayarisho hayo, kwa hiyo hauwezi kushika nafasi ya ule anaopewa hospitalini mtu aliyemeza sumu. Hata huo wa hospitali haufai kwa kila sumu: chuma, lithi na alkoholi hazinati juu yake vya kutosha.

Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alieleza kwamba uso una idadi maalumu ya nafasi, na kila nafasi hupokea molekuli moja. Nafasi zikijaa, unataji hukoma. Ndiyo maana kichujio cha mkaa hubadilishwa kwa wakati wake, ingawa kwa macho kinaonekana kama kipya.

Unataji ni wa aina mbili. Ule wa kifizikia ni dhaifu, na joto huweza kuuachanisha. Ule wa kikemia hufunga molekuli kwa kani imara, hata pengine kuivunja. Juu ya uso wa chuma, naitrojeni hugawanyika kuwa atomu, atomu hizo huungana na haidrojeni, kisha amonia huondoka na kuacha nafasi wazi. Gerhard Ertl wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2007, ndiye aliyezibainisha hatua hizo, ambazo utengenezaji wa mbolea huzitegemea. Hivyo kichocheo chema hushika kwa kiasi na kuachia kwa wakati. Kinachonata mno huziba nafasi: monoksidi ya kaboni ikijaa juu ya platini, oksijeni hukosa pa kukaa, na mmenyuko hupungua.

Matumizi:
• Shashi hufyonza wino.
• Sumu hunata kwenye kuta za vitundu vya mkaa.