Je, Wajua? Ajali Inayotokea Kwenye Kompyuta Kwanza

Je, wajua kwamba jengo linaweza kujengwa mara mbili? Kwanza ndani ya kompyuta, kama modeli, kuta, ngazi na mabati vikiwa na vipimo vyake kamili. Kisha kwa saruji. Ukikosea mara ya kwanza, huziki mtu.

Je, wajua wazo hili ni la zamani? Mmarekani Charles Eastman alilichapisha mwaka 1975.

Mwaka 2013 Eastman na wenzake wa chuo cha Georgia Tech walionyesha programu inayoikagua modeli yenyewe: ikiona tundu kwenye sakafu ya ghorofa, inapendekeza kifuniko, ikiona ukingo ulio wazi, inaweka kizuizi. Kuanguka kutoka juu ndiko kunakoua mafundi wengi zaidi huko Marekani.

Je, wajua kwamba modeli inaweza kubeba kalenda? Unachagua tarehe, na jengo linajitokeza kama litakavyokuwa siku hiyo. Ukuta wa ngazi haujapanda bado, zege linamwagwa juu, na vibarua wa matofali wamepangiwa kupita chini yake. Mchoro wa karatasi hausemi hayo. Unaonyesha nyumba iliyokwisha, na nyumba iliyokwisha haimwangushi fundi. Mimi naona kalenda hii ndiyo faida kubwa kuliko picha zote za kupendeza wanazooneshwa wenye fedha.

Lakini modeli ina mpaka wake. Machi 29, 2013, jengo lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10; lilikuwa limefika 16. Tajiri akiamua kupandisha, modeli haimshiki mkono.

Kilembwe, kule Lulenge katika teritwari ya Fizi, mashariki mwa Kongo, si mji wa maghorofa. Lakini je, wajua kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu? Anayechimba shimo la choo au msingi mrefu anafanya kazi pembeni ya mzigo huo, na wachimba dhahabu hawahitaji kuelezwa. Modeli ya kiwanja inaonyesha mapema mahali pa kulaza kingo na umbali wa kurundika udongo.

Tena ardhi yenyewe hutikisika. Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika, na nyumba zikaanguka Kalemie. Kwenye modeli, ukuta wa matofali ya kuchoma usio na lenta unaonekana kabla tofali la kwanza halijalazwa, na nondo zinahesabika.

Gharama? Programu ya kuchora modeli iitwayo FreeCAD ni bure, na ikishawekwa haidai intaneti. Kompyuta ndogo na umeme wa jua vinatosha. Kuna pia aina ya faili iitwayo IFC, inayosomeka na programu nyingi, hivyo mhandisi wa Bukavu anaweza kukagua kazi iliyochorwa Baraka kwa programu nyingine. Mtandao ukikataa, faili linaingia kwenye fleshi, na fleshi inapanda pikipiki.