Uvimbe Usiouma Chini ya Sikio: Usingoje Uume

Mtu akivimba chini ya sikio, wengi hudhani ni matumbwitumbwi. Lakini matumbwitumbwi huja ghafla, pamoja na homa na maumivu, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Uvimbe wa tezi za mate ni tofauti: mara nyingi ni donge moja, upande mmoja, lisilouma, linalokua polepole kwa miezi au hata miaka. Kwa kuwa haliumi, wengi huchelewa kwenda hospitali.

Tezi hizi ziko wapi?

Kuna jozi tatu kubwa: mbele ya masikio (parotidi), chini ya taya na chini ya ulimi. Mamia ya tezi ndogo zimetapakaa kinywani, hasa kwenye kaakaa na midomo. Uvimbe mwingi hutokea kwenye parotidi, na huko takriban 8 kati ya 10 si saratani. Kadiri tezi ilivyo ndogo, ndivyo uwezekano wa saratani unavyoongezeka. Hivyo donge la kaakaa, hata likiwa dogo, lisipuuzwe.

Aina zake

Uvimbe unaoonekana zaidi ni adenoma pleomofiki. Kwenye hadubini, seli za tezi huonekana zimechanganyika na tishu inayofanana na gegedu. Si saratani, ila ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka kuwa saratani, na usipoondolewa wote hurudi. Aina mojawapo ya saratani, adenoidi sistiki, hutambaa kufuata neva, ndiyo maana huleta maumivu na ganzi.

Dalili za hatari

• Donge kukua kwa kasi au kuuma
• Uso kulegea upande mmoja
• Donge kuganda, lisisogee likiguswa
• Ngozi kupasuka na kuwa kidonda
• Matezi ya shingo kuvimba

Hatua za kuchukua

Kwa kushika tu, haiwezekani kujua kama ni saratani. Daktari hupima kwa ultrasaundi, kisha huchukua seli kwa sindano nyembamba ili zichunguzwe maabara. Tiba kuu ni upasuaji. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita ndani ya parotidi, na ni rahisi zaidi kuilinda donge likiwa bado dogo.

Kukanda, kuchanja au kuchoma donge hakuliondoi; hupoteza muda tu.

Mkazi wa Miritini aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Port Reitz au Hospitali ya Rufaa ya Pwani. Donge lililokaa zaidi ya wiki tatu lipimwe.