Kunguru wakifa ovyo, jihadhari na mbu

Mwaka wa 1999, kunguru walianza kufa ovyo jijini New York, Marekani. Muda si mrefu watu nao wakaugua homa na uvimbe wa ubongo, na saba wakafariki. Uchunguzi wa mizoga ya ndege ulisaidia kufichua kiini: virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa Uganda mwaka wa 1937.

Mbu hufyonza damu ya ndege mwenye virusi, kisha humwuma binadamu. Chanjo ya watu haipo. Ndiyo sababu wataalamu huwapima ndege, ili onyo litangulie ugonjwa.

Ukiona ndege wengi wamekufa, usiwaguse kwa mikono mitupu. Mwarifu afisa wa mifugo, na umwage maji yaliyotuama karibu na nyumba yako.