Nilitoka kununua raba, nikarudi na picha!

Leo naomba unisamehe, kwani sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina stori ya shilingi elfu hamsini na tano zilizoyeyuka mfukoni mwangu mchana kweupe, na sikuibiwa.

Basi bwana, Jumamosi moja nilikuwa nimejipanga kwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kununua raba. Zile nilizokuwa nazo zilishaanza kucheka mbele, si unajua tena. Hela nilikuwa nimeikusanya kidogo kidogo kwa mwezi na nusu.

Kabla sijapanda daladala nikakutana na mshikaji wangu mmoja, fundi seremala wa Keko. Akanishika mkono.

"Nisindikize mjini mara moja. Kuna wanafunzi niliwatengenezea fremu tano za picha, wananidai... yaani mimi ndiye nawadai elfu arobaini na tano. Leo wana maonyesho. Nataka niwaibukie hapo hapo, mbele ya wageni wao. Watatoa tu."

Nikaona isiwe tabu. Kariakoo haihami.

Tulijizuia wenyewe

Tukafika kwenye ukumbi wenyewe, katikati ya jiji. Jina la ukumbi nalihifadhi. Mlango uko wazi, kuna feni, kuna kitabu cha wageni, na ndani wanaonekana wazungu wachache na mabinti waliovaa vitenge vya kushonwa kisasa.

Sasa ndugu yangu, hapo ndipo kilipoanza kituko. Fundi, mtu aliyetoka Keko kwa mikwara, akasimama kama aliyegonga ukuta. Akaangalia kandambili zake zilizojaa vumbi la mbao. Mimi nikaangalia raba zangu zinazocheka. Tukabaki pale nje dakika kama kumi, tunajifanya tunasoma bango. Na bango lenyewe lilikuwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho!

Mlinzi, mzee wa makamo, akatuangalia weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Vijana, mnasubiri nini? Pitani. Bure hiyo."

"Shikamoo mzee. Bure kabisa?"

"Marahaba. Bure kabisa. Kila siku nawaona wenzenu wanafika hapo mliposimama, halafu wanageuza."

Msomaji, maneno hayo yaliniingia. Hakuna aliyetuzuia. Tulijizuia wenyewe.

Kidoti chekundu

Ndani kulikuwa na kazi kama arobaini hivi. Nyingine za wanafunzi wa chuo, nyingine za wasanii wa kujitegemea ambao hawajaenda chuo chochote. Mmoja alikuwa ametengeneza kunguru wa vyuma chakavu, mabawa ni minyororo ya baiskeli. Mwingine alichora pantoni ya Kigamboni, watu wamebanana mpaka huoni maji. Kulikuwa na konda amening'inia mlangoni, mdomo wazi, ukitazama unamsikia kabisa.

Nilicheka peke yangu. Hii ni Dar yangu! Ile ile ninayogombana nayo kila asubuhi.

Fundi yeye hakuangalia picha hata moja. Alikuwa anakagua kona za fremu. "Hii siyo yangu. Hii siyo yangu. Hii msumari umetoka nje, aibu. Ahaa, hii yangu!"

Nikamuuliza dada mmoja kwa nini baadhi ya picha zimebandikwa kidoti chekundu pembeni. Akaniambia hiyo ndiyo alama kwamba kazi imeshanunuliwa. Nikahesabu vidoti. Vilikuwa vitatu. Watu walikuwa wamejaa, kila mtu anapiga picha kwa simu, anajipiga na yeye mwenyewe mbele ya konda, anaondoka. Vidoti vikabaki vile vile vitatu.

Mara mdaiwa akamwona Fundi. Binti wa watu akabadilika sura. Akatuvuta pembeni.

"Kaka Fundi, nisamehe. Kesho ndiyo mwisho na sijauza hata moja."

Fundi, badala ya kufoka kama alivyoapa, akajikuta anasikiliza. Binti akatueleza hesabu zake. Turubai la dukani ni ghali, kwa hiyo wananunua marikani, wanaliwamba kwenye mbao, wanalipaka gundi na rangi nyeupe ya ukutani, wakisubiri likauke ndipo wachore. Rangi zenyewe kitubu kimoja kidogo bei yake inakula chakula cha siku mbili. Juu yake fremu. Juu yake nauli ya kubeba. Na picha ikiuzwa, mwenye ukumbi ana kamisheni yake.

"Nyumbani wameshaniambia," akasema taratibu, "kama mwaka huu sanaa haijanilipa hata nauli, nikimaliza nitafute kozi nyingine yenye maana."

Hakulia. Ila alikuwa anakunjakunja karatasi ya bei mpaka ikachanika.

Mama yangu ukutani

Nikamwomba anionyeshe kazi zake. Ya mwisho kabisa, ndogo, imewekwa karibu na mlango wa choo, ikanifanya nisimame.

Ilikuwa picha ya mama ntilie, alfajiri. Moto, sufuria jeusi lenye jiwe juu ya mfuniko, benchi, wanaume watatu wameinamia vikombe vya chai. Msomaji, mimi nimesomeshwa mpaka kidato cha nne kwa chai na vitumbua vya Buguruni. Mama yangu mzazi anaweka jiwe juu ya mfuniko vile vile. Sijawahi katika maisha yangu kuona jiwe lile limewekwa ukutani, limewashiwa taa.

"Shilingi ngapi?" nikasikia mdomo wangu unauliza.

"Sitini, kaka."

Nikabembeleza, nikapata kwa hamsini na tano. Dada wa mapokezi akaja na kidoti chekundu, akakibandika. Watu wawili watatu wakageuka kuniangalia. Nakiri nilijisikia kama pedeshee.

Ikabidi kamisheni isubiri, maana binti alihesabu arobaini na tano hapo hapo akamkabidhi Fundi, mbele ya macho yangu. Yaani hela yangu ya raba imetoka mfukoni mwangu, imepita kwenye picha, imeingia mfukoni mwa mshikaji niliyekuja naye! Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Tulipotoka akaninunulia soda, tena baridi.

Tumesahau tulikotoka

Njiani nikawa najiuliza, nani alitudanganya kwamba picha ni mambo ya wazungu?

Chukua Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa wa Tunduru, alikuja Dar kutafuta maisha kama sisi wengine, akafanya vibarua. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kawaida za mafuta, na kazi zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Hakupita chuo cha sanaa. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, lakini ndugu na vijana aliowafundisha wakaendeleza, mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji duniani.

Au George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005. Pale Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, alianza kama mlinzi wa usiku. Mlinzi! Baadaye vikatuni vyake vya mashetani wenye masikio makubwa vikazunguka Ulaya, Marekani na Japani.

Na wasomi nao wapo. Pale Mlimani wamefundisha watu kama Sam Ntiro na Elias Jengo. Mikocheni kuna Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, wasanii wanafanyia kazi ndani ya makontena, unaweza kusimama mlangoni ukamwangalia mtu anachora. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho makubwa ya Venice, kule Italia.

Yaani Venice tumefika. Buguruni bado.

Upande wa moto

Sasa sikia mkasa wa nyumbani. Nilimkabidhi mama picha nikitegemea machozi ya furaha. Akaishika kwa mbali, akaisogeza, akauliza swali moja.

"Bei gani?"

Nikamwambia ukweli. Akakaa chini.

"Mwanangu, hiyo hela si gunia la mkaa?"

Nikanywea. Lakini hakuiweka chini, akaendelea kuitazama. Baada ya muda akasema, "Huyu aliyechora alikaa upande wa wateja. Hajawahi kukaa upande wa moto."

"Kwa nini, mama?"

"Angalia moshi unavyokwenda. Unaelekea kwenye benchi. Moshi huwa unamfuata mpishi, hata uhame mara ngapi. Na mkono wa kushoto wa huyu mama hauna kazi. Nani anapika vitumbua mkono mmoja umelala?"

Nilikaa kimya. Kwenye ule ukumbi nilisikia hotuba tatu, zote kwa Kiingereza, zinazungumzia kazi za vijana hawa. Hakuna hata moja iliyogusa moshi.

Usiku nikampigia yule binti, nikamweleza neno kwa neno. Kimya. Nikadhani kakasirika. Kumbe.

"Kaka, naomba nije. Naomba nikae huo upande wa moto."

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri akashuka kwenye bajaji na daftari lake. Mama akamkalisha kwenye kigoda, karibu yake kabisa. Dakika tano hazikupita, macho yakaanza kumtiririka machozi ya moshi, mama anacheka. Wateja wakaacha chai ikapoa, wakamzunguka. Mmoja anasema pua yake siyo kubwa hivyo. Mwingine anataka achorwe na baiskeli yake. Mpiga debe mmoja akauliza kama mtu anaweza kulipa kwa awamu mbili ili amchoree mwanawe.

Hayo, msomaji, yalikuwa maonyesho kuliko yale ya ukumbini. Hakukuwa na kitabu cha wageni, lakini kila mtu alikuwa na la kusema.

Neno kwa pande zote mbili

Kwenu mnaoandaa maonyesho. Mabango yenu yaandikeni na Kiswahili. Bandikeni na Buguruni, Mbagala na Manzese, siyo kwenye migahawa ya Masaki peke yake. Mkisema "karibuni wote", basi semeni kwa lugha ya wote. Na mlango ukiwa bure, liandikeni hilo neno BURE kwa herufi kubwa, maana mtaani kwetu mtu akiona feni na taa anajua kuna kiingilio.

Kwenu vijana wenzangu. Jumamosi moja usiende kukaa kijiweni kubishana Simba na Yanga. Ingia kwenye maonyesho, na kandambili zako hizo hizo. Huelewi picha? Muulize aliyechora, yupo hapo hapo amesimama, na hakuna kitu anachokitamani kama kuulizwa. Hujaipenda? Mwambie kwa nini, kama mama yangu. Una mapeni kidogo? Kuna kadi na vipande vidogo vya bei ya chipsi na soda. Huna kabisa? Basi angalau usijipige picha mbele ya jasho la mtu halafu ukaondoka bila hata kumuuliza jina.

Yule binti bado anasoma. Sijui kama nyumbani kwao watambadilishia kozi, kesi yake haijaisha. Ila ameshachora picha nyingine. Moshi umegeuka, unamfuata mpishi, na mkono wa kushoto umeshika bakuli la unga.

Ile ya kwanza mama ameitundika chumbani, mbali na moshi. Mgeni akija anamwonyesha, halafu anaanza kuisahihisha.

Na raba zangu? Bado zinacheka. Nilimpelekea Fundi, akazipiga misumari midogo ya fremu, anadai ni ofa.