Kujiandikisha Pekee Hakutoshi: Jamaa za Kisumu na Bima ya SHA

Jamaa nyingi za ukanda wa Ziwa, kuanzia Kaloleni na Manyatta mjini Kisumu hadi ufuo wa Dunga, zimekwisha kujiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Ujumbe wa kuthibitisha umo katika simu, na nyoyo zimetulia. Kisha hufika siku mama anapokimbizwa hospitali kwa upasuaji wa uzazi, naye karani atazame kompyuta yake na kusema: jina lako limo, lakini mchango haujalipwa. Hapo jamaa huanza kuuza walichonacho.

Watu wa Kisumu wana sababu yao ya kudhani kwamba kuandikwa jina ni kutibiwa bure. Mnamo Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua katika mji huo huo majaribio ya afya kwa wote. Kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Mtu alijiandikisha, akaenda hospitali ya serikali, akatibiwa pasi na kulipa. Majaribio yale yalikwisha, ila kumbukumbu yake haikuisha. Baadaye serikali ya kaunti ikaanzisha mpango wake wa Marwa, neno la Kijaluo lenye maana ya "chetu", ili kuzilipia bima jamaa maskini. Na kina mama waliozaa katika miaka ya Linda Mama hawakutakiwa kuchanga chochote. Basi mama aliyezoea hayo yote hawezi kulaumiwa akidhani SHA nayo ni vivyo hivyo.

Sivyo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, Septemba Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966. Chini yake zipo hazina tatu, na ni muhimu mama azitofautishe. Ya kwanza ni ya afya ya msingi: hulipwa na serikali kutokana na kodi, na humwezesha aliyejiandikisha kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Ya pili ndiyo bima yenyewe, inayogharimia kulazwa, upasuaji na matibabu ya hospitali kubwa. Hii haimfunguki ila aliyelipa mchango wake. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu, ambayo humbeba mgonjwa pale kiwango cha bima kinapomalizika.

Kwa maneno mengine, mtoto mwenye homa katika zahanati ya mtaani anatosheka na kuandikwa jina. Mama wa kufanyiwa upasuaji katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi, hatosheki.

Mchango ni asilimia 2.75 ya pato la jamaa, na hauwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ukipiga hesabu, kila jamaa yenye pato lisilozidi takriban shilingi 10,900 kwa mwezi inapaswa kulipa kiwango hicho cha chini, sawa na shilingi 3,600 kwa mwaka. Zamani mtu asiyeajiriwa alilipa NHIF shilingi 500 kila mwezi. Kwa maskini, basi, kiwango kimepungua. Uzito umo kwingine.

Asiye na mshahara huulizwa maswali: nyumba yako ina ukuta gani, paa gani, maji mnateka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mko wangapi. Majibu hayo hutumika kukisia pato. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kasoro kubwa, kwani mjane anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe aweza kuonekana ana uwezo, hali chungu chake hakijaona nyama tangu Idi. Hata hivyo ajibu kwa ukweli na kwa utulivu, wala asimwachie kijana wa duka la intaneti amjazie kwa kubahatisha. Kiasi kikitoka kikubwa kupita uwezo wake, aende ofisi ya SHA au Huduma Centre akaulize kabla ya kulipa.

Uzito wa pili ni kwamba asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Anayelijua Ziwa anajua maana yake. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitoka biashara hulala, na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa kabisa ili samaki wazaane. Mama muuza omena anayengoja Juni kutafuta shilingi 3,600 atazitafuta pasipo na kitu. Afadhali aweke akiba kidogo kidogo katika chama kuanzia Agosti. Upo pia mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kukopeshwa mchango wa mwaka na kuulipa kwa awamu.

Kujiandikisha kwenyewe ni kwa *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa. Kitambulisho cha taifa ni lazima, jambo ambalo Wanubi wa Kibos, waliozoea kuhojiwa kupita wengine kabla ya kupewa kitambulisho, wanalielewa vyema. Laini ya simu nayo iwe ya mama mwenyewe, kwani nambari ya siri hutumwa huko. Laini ikiwa mikononi mwa mume aliye safarini, au aliyekwisha kuacha, shughuli hukwama. Mtalaka na mjane wajiandikishe kama wakuu wa jamaa zao, na watoto waongezwe mmoja mmoja kwa vyeti vya kuzaliwa. Kisha *147# ipigwe tena baada ya kulipa, ili kuhakikisha malipo yameonekana.

Wapo wanaouliza kuhusu hukumu ya bima katika sharia. Hilo ni la masheikh wetu. Mchango huu nchini ni lazima kwa sheria, na asiyekuwa nao huumia yeye na wanawe. Kamati za misikiti ya Kisumu, na zetu huku pwani pia, zina daftari za wajane na mayatima. Wajane kumi kwa kiwango cha chini ni shilingi 36,000 kwa mwaka, na mara ngapi safu za Ijumaa zimechangishwa zaidi ya hizo kwa bili ya mgonjwa mmoja aliyezuiliwa wodini.