Nidhamu Darasani (2): Kelele Huanzia Wapi?

Juma lililopita nilieleza yale ambayo mtoto huja nayo shuleni kutoka nyumbani: njaa, usingizi, ugomvi wa wazazi, mwendo wa alfajiri. Walimu kadhaa waliosoma wamenirudia na swali moja. Hayo ya nyumbani tumeyasikia, lakini mimi nimesimama mbele ya watoto 90, saa nne asubuhi, nyuma wanapigana mateke chini ya dawati. Nifanye nini?

Ni swali la haki, na ili nilijibu naomba nianzie mbali kidogo, huko Detroit, Marekani. Mwanasaikolojia Jacob Kounin, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Wayne State, siku moja katikati ya somo alimwona mwanachuo mmoja amefungua gazeti na kulisoma. Akamkaripia, na yule akaliweka chini. Lakini kilichomshika Kounin ni wale wengine, wasiokuwa na kosa lolote: nao walinyamaza, wakaacha kunong'ona, macho wakayashusha kwenye madaftari. Karipio la mtu mmoja lilikuwa limewapata wote.

Basi akajiuliza kama siri ya darasa tulivu imo katika namna ya kukaripia: kwa ukali au kwa upole, kwa kutaja jina au kwa kulisemesha darasa zima. Alilifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi, hata akaweka kamera za video katika madarasa ya shule za msingi, na mwaka 1970 akatoa kitabu chake. Jibu alilolipata halikuwa lile alilolitafuta. Mwalimu ambaye darasa lake limetulia na yule ambaye darasa limemshinda hawakutofautiana katika namna ya kukaripia. Walitofautiana katika yale waliyoyafanya kabla kosa halijatokea.

Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka sita kazini, na niliumia. Niliwakumbuka watoto niliowaadhibu kwa kelele ambazo, kwa hakika, nilizianzisha mwenyewe. Naingia darasani, nawageuzia mgongo, naandika notisi ubaoni robo saa nzima. Wenye mwandiko wa haraka wanamaliza na kukaa bure. Wa nyuma hawaoni ubao, kwa hiyo wanaulizana. Kisha nageuka na fimbo mkononi kutafuta mkosaji! Kipindi cha dakika 40 kina mianya mingi ya namna hiyo: madaftari yanapogawiwa, mwalimu anapotafuta ukurasa, anaposahihisha kazi ya mtoto mmoja huku 89 wakingoja. Kelele huingilia kwenye mianya hiyo.

Hapa sina budi kuisema desturi yetu moja ambayo wengi tuliokua Tanzania tunaijua: orodha ya wapiga kelele. Mwalimu anatoka, kiranja anasimama mbele na karatasi, anaandika majina. Anayeendelea kuongea anaongezewa alama ya mara mbili, mara tatu, au neno "sana". Mwalimu akirudi, anaichukua karatasi na kuanza kuchapa kuanzia juu hadi chini. Kila mtoto aliye darasani anajua yaliyomo katika karatasi ile. Rafiki wa kiranja hayumo. Aliyemnyima andazi asubuhi yumo. Aliyeanzisha fujo kalifuta jina lake kwa vitisho, na mtoto mpole aliyemwambia jirani yake "nyamaza" ndiye anayelia.

Kounin aliyaona pia makosa mawili ya mwalimu anayekaripia: kumshika asiye mhusika, na kuchelewa, yaani kungoja hadi cheche iwe moto. Orodha ya wapiga kelele inayafanya yote mawili kwa pamoja. Inawafundisha watoto kwamba mwalimu hajui kinachotokea darasani mwake. Na mtoto akishalijua hilo, ukali wa fimbo haumzuii, kwa sababu fimbo yenyewe ni bahati nasibu. Mimi ningeifuta desturi hii leo hii, nimwache kiranja agawe chaki na madaftari.

Naye mwalimu mwenye watoto 90? Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia darasani, na hiyo ni heri kubwa. Vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo, na uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 45 shule nyingi zinausoma tu kwenye nyaraka. Sitajifanya kwamba mbinu zinaziba pengo hilo. Lakini acha njia kati ya madawati, hata ya kupita kwa upande upande, na uitumie. Kusimama kimya karibu na mtoto kunafaa kuliko kumpigia kelele kutoka ubaoni. Andika zoezi kabla hawajaingia, ili wa kwanza kuketi awe na kazi. Na uulize swali kwanza, unyamaze kidogo, ndipo utaje jina. Ukisema "Juma, nane mara saba ni ngapi?", wengine 89 wameshapumzika kabla hujamaliza kuuliza. Ukianza na swali, kila mmoja anahesabu, maana hajui jina litakuwa la nani.

Kuhusu viboko nitasema machache. Kenya ilivifuta mwaka 2001. Kwetu, Waraka wa Elimu Na. 24 wa mwaka 2002 unaviruhusu kwa makosa mazito tu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Kuongea na jirani si kosa zito. Mwalimu anayetembea na fimbo kila kipindi, akichapa huku na huku, yuko nje ya waraka huo, hata kama wazazi wenyewe ndio waliomwambia amnyooshe mtoto.

Anabaki yule mmoja. Darasa lote limetulia, kazi ipo, mwalimu anazunguka, naye bado anatupa karatasi na kutukana. Huyo usimjibu mbele ya wenzake, kwa maana hapo ndipo penye jukwaa lake. Mwendee, mwambie kwa sauti ya chini abaki kengele ikilia, kisha uendelee na somo. Mtakayozungumza mkibaki wawili, na namna ya kumwita mzazi bila kumletea mtoto kipigo nyumbani, nitayaandika juma lijalo.